Kukata kwa Mguu

Nilianguka nikitembea kinyumenyume, kama tunavyotembea sote tunaopiga video za harusi. Bibi harusi anakuja mbele, wewe unarudi nyuma, jicho liko kwenye kamera, na kisogo ndicho kinachotakiwa kuona njia. Kwa miaka kumi na minne kisogo changu kiliona vizuri. Siku hiyo hakikuziona ngazi tatu za kushukia ukumbini. Nikaenda chini mgongo kwanza, nikajikinga kwa mkono wa kulia, na mkono wa kulia ukavunjika pale kwenye kifundo.

Mfupa uliunga. Vidole ndivyo vilivyogoma. Kidole gumba na cha shahada vikawa kama wageni waalikwa, vimekaa tu, havishiki kitu. Daktari alisema mishipa ya fahamu hurudi polepole, pengine mwaka, pengine zaidi, na pengine isirudi yote. Niliweza kubeba kikombe kwa mikono miwili. Lakini kushika kipanya cha kompyuta na kukipeleka mahali padogo kuliko punje ya mchele, hapo nilishindwa kabisa.

Na kazi yangu ni hiyo. Pale studio wananiita Mkasi. Mtu anarudi na saa tisa za harusi kwenye kamera, mimi nakaa kwenye kiti na kukata, nakata, hadi zibaki dakika arobaini ambazo binadamu anaweza kuzitazama bila kusinzia. Kupiga video wanaweza wengi. Kukata, niseme bila haya, pale hakuna aliyenifikia.

Mwenye studio anajiita Mkurugenzi, ingawa tuko watu wanne na mmoja wetu ni dada yake anayepokea simu. Si mtu mbaya. Alinisubiri miezi mitano, na alipokuwa akinisubiri alimkalisha kwenye kiti changu bwana mmoja tuliyempa jina la Madoido. Bwana huyu hawezi kuiacha picha ilivyo. Bibi harusi akitabasamu, Madoido anarusha nyota. Watu wakivishana pete, anamwaga mioyo myekundu kutoka juu hadi chini ya skrini. Ile harusi niliyoangukia aliikata yeye. Familia ikaja, ikatazama, ikaikataa. Baba wa bibi harusi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alisema maneno manne tu, "Hii si harusi yetu," akachukua kofia yake akatoka.

Habari hizo ziliponifikia nilikwenda studio siku hiyohiyo.

"Nipe mimi niikate," nikamwambia Mkurugenzi.

Alitazama mkono wangu, kisha akatazama dari. "Mkasi, dada yangu, kwa mkono gani?"

"Hiyo niachie mimi."

Akakuna kidevu. "Sikiliza. Nimewaomba warudi Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Wakiipenda, kiti ni chako, na huyu mwenzetu nitampa kamera apige. Wakiikataa, kiti ni chake moja kwa moja. Sitaweza kukungoja tena. Na kompyuta ya hapa anaitumia yeye, itabidi utafute yako."

Madoido aligeuka kwenye kiti changu, kiti nilichokizoeza mgongo wangu miaka yote hiyo, akasema kwa upole ulioniudhi kuliko matusi, "Pole, dada. Ungepumzika kwanza." Nilitoka bila kuaga.

Mama yangu ni fundi cherehani. Gauni la yule bibi harusi alilishona yeye. Tangu nikiwa na miaka saba nilikaa kwenye cherehani yake ya miguu nikisukuma pedali, na kila mtu pale mtaani alijua nitairithi. Mimi nikaikimbia, nikafuata kamera. Mama hakunilaumu waziwazi. Ila kwa miaka mingi, kila uzi ulipomkatalia kuingia kwenye sindano, alisema kwa sauti ya kutosha nisikie, "Kuna watu wana macho mazuri, wanayatumia kutazama harusi za wenzao."

Siku hiyo nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa na pini tano mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye pindo alilokuwa akilipima, ndipo akasema.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho tunakwenda madukani. Na twende na kitambaa chetu."

"Kitambaa gani, Mama? Nanunua kompyuta."

"Hata kama unanunua ndege. Mimi sijawahi kununua cherehani kwa maneno ya muuzaji. Unakwenda na kitambaa chako, kile kigumu kinachokusumbua, unakishona palepale akikutazama. Mashine ikikataa, unakunja kitambaa chako unaondoka. Wewe kitambaa chako ni kipi?"

Nikaelewa. Nilimwomba Mkurugenzi picha zote za ile harusi, na vipande kadhaa akanitilia kwenye flashi. Mama naye akafungua sanduku la masalio, akatoa kipande cha lile gauni, ukubwa wa leso, akakitia mkobani.

Duka la kwanza lilikuwa la milango ya vioo. Muuzaji mwenye tai alitupokea akianza kutaja namba: prosesa ya kizazi gani, memori kiasi gani, kadi ya picha yenye nguvu gani. Namba hizo si uongo, nazijua. Kompyuta dhaifu ukiipa video nzito itahema kama mtu aliyepandisha gunia ghorofa ya sita. Lakini Mama hakuwa amekuja kusikiliza namba. Alimpa yule bwana flashi na kumwambia, "Tuonyeshe gauni."

Skrini ikawaka. Ilikuwa na mng'ao wa kukufanya ufinye macho. Bibi harusi akatokea juu ya ngazi, mkono wake umeshikwa na baba yake. Muuzaji akakunja mikono kwa fahari. Mama akatoa kipande chake, akakiweka kando ya skrini, akakitazama, akaitazama skrini.

"Hili si gauni langu," akasema.

"Mama, hii ndiyo skrini kali kuliko zote tulizonazo. Angalia rangi zinavyoruka."

"Ndilo ninalosema. Rangi hairuki, rangi inatulia. Mimi nilishona maziwa, huyu amevaa chokaa. Na baba wa watu amekuwa karoti."

Alikuwa sahihi, na niliona aibu kwamba sikuliona mimi niliyesomea kazi. Ukirekebisha rangi kwenye skrini inayodanganya, unaurekebisha uongo. Kwako inapendeza, ukiipeleka kwenye televisheni ya mtu inakuwa tope. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Mama akakunja kitambaa chake, tukaondoka.

Duka la pili rangi ilikubali. Programu ndiyo iliyokataa. Dada muuzaji alinifungulia ile ambayo kila mtu anaitumia sasa, yenye mapambo elfu moja tayari, na mengi humo ni ya kuburuta: shika hiki, vuta pale, achia hapa. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Nilimkata bibi harusi shingoni, nikamrudisha, nikamkata tena kiunoni.

"Naweza kukata bila kipanya?" nikamuuliza.

"Bila kipanya?" Alinitazama kama niliyeuliza kama mtu anaweza kula bila mdomo. "Labda utafute mtu wa kukusaidia."

Hapo nilitaka kulia, sifichi. Miezi mitano yote nilikuwa nikiogopa kusikia neno hilo likisemwa na mgeni. Mama alimshukuru dada yule kwa adabu zote, akanishika kiwiko, tukatoka nje, tukavuka barabara.

Duka la tatu halikuwa duka hasa. Kilikuwa chumba cha fundi anayetengeneza kompyuta na kuuza zilizokwishatumika, mzee wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini. Yeye hakutaja namba yoyote. Alituuliza, "Mnataka ifanye nini?" na nikagundua kwamba siku nzima hakuna aliyetuuliza hilo. Nikamwonyesha mkono wangu, nikamweleza.

Akafikiri. Akashusha kutoka rafu ya juu laptopu moja nene, ya kijivu, isiyong'aa popote. Skrini yake ilikuwa imefifia kidogo kama karatasi. Tukachomeka flashi. Mama akaweka kitambaa chake kando ya gauni, na sote watatu tukainama kutazama. Usingeweza kusema kitambaa kinaishia wapi na skrini inaanzia wapi.

"Huyu ndiye," akasema Mama.

"Na programu nitakupa hii," akasema fundi. "Ya zamani kidogo, haina urembo. Hakuna nyota wala mioyo. Ila kila inachofanya, unaweza kukipa kitufe chako mwenyewe kwenye kibodi."

Nikajaribu kwa vidole vitano vya kushoto. Kutembeza picha, kusimamisha, kurudisha, kukata. Iliwezekana kweli. Lakini mkono mmoja ulikuwa na kazi za mikono miwili, na nikipiga hesabu ya saa tisa za harusi, ningemaliza bibi harusi akiwa na wajukuu. Fundi naye aliliona hilo.

Mama ndiye asiyekuwa nasi. Alikuwa amepiga magoti, kichwa kiko chini ya meza ya fundi, anavuta kitu.

"Hiki nacho ni nini?"

Kilikuwa kibao kizito chenye pedali tatu, kimejaa vumbi, waya umezungushwa kwa kamba.

"Ah, hicho. Cha makarani waliokuwa wakiandika kesi kutoka kwenye kanda," fundi akasema. "Mguu unasimamisha sauti na kuirudisha, mikono inaendelea kuandika. Hakuna anayekitaka siku hizi, nakiwekea miguu tu."

Mama akakifuta kwa pindo la nguo yake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, akaniwekea miguuni.

Fundi akakichomeka, akahangaika nacho kwa muda, akashusha ile miwani ya kipajini. Pedali ya kushoto ikawa kurudisha. Ya kati, kutembeza na kusimamisha. Ya kulia, kukata. Nikabonyeza ya kati, bibi harusi akaanza kutembea. Nikamsubiri anyanyue mguu, nikabonyeza ya kulia, na mkato ukaanguka palepale unyayo ulipogusa sakafu. Nilihisi kitu nilichokuwa nimekisahau tangu siku ya zile ngazi: kazi inanitii. Nikambusu Mama shavuni mbele ya fundi, naye akajifanya hakuliona.

Tukaiweka ile laptopu kwenye chumba cha ushonaji, kando ya cherehani ya Mama. Asubuhi ya Jumatatu nikaanza na hotuba ya mwalimu mkuu, nikiwa na kiburi kama jogoo. Baada ya dakika mbili nikatazama nilichofanya. Hotuba nzima ilikuwa imekatwa vipande arobaini na kimoja. Mzee alikuwa akisema "Mwa", anasita, "na", anasita, "ngu".

Mguu ulikuwa umekumbuka kuliko ulivyotakiwa. Mtu aliyekulia kwenye pedali ya cherehani hakanyagi mara moja akaacha. Anabembeza, kidole na kisigino, kidole na kisigino, na mguu wangu ulikuwa ukibembeza juu ya kitufe cha kukata kama unaoshona pindo la pazia. Mama alitema pini zake kiganjani ili asizimeze, akacheka hadi akashika ukuta.

"Miaka yote nilidhani umesahau," akasema alipopata pumzi.

"Nitafanyaje sasa?"

"Huo ni mguu wa pindo. Hapa unashona tundu la kifungo. Kisigino hakinyanyuki. Dole tu linagusa, sindano inashuka mara moja, unasimama, unafikiri." Akakunja kitambaa kinene mara nne, akakiweka chini ya kisigino changu, akakaa sakafuni mguu wangu ukiwa mkononi mwake kama vile ana mtoto wa miaka saba. "Moja. Simama. Moja. Simama. Ehe."

Kufikia Jumatano nilikuwa nakata kwa kasi kuliko nilivyowahi kukata kwa kipanya. Mkono wa kushoto uliita vipande, mguu ukavipunguza, na ule wa kulia ukalala mapajani ukipumzika kama malkia. Upande wa pili cherehani ya Mama ilikuwa inanguruma. Mara kwa mara aliinua macho akatazama mguu wangu, akarudi kwenye kazi yake. Sikuwa nimefanya kazi chumba kimoja naye tangu nilipokimbia, na niligundua kwamba nilikuwa nimekosa sauti hiyo.

Kipande kimoja nilikuwa nakikwepa. Cha kuanguka kwangu. Madoido alikuwa amekitupa kwenye takataka, na kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye. Nani anataka kujiona akienda chini kama gunia? Alhamisi asubuhi kikawa ndicho pekee ambacho sijakitazama, nikapiga moyo konde nikakifungua.

Mbingu ikapita. Dari ikapita. Kishindo. Kisha kamera ikatulia kwa ubavu sakafuni, na haikuwa imezimika. Miguu inakimbia kutoka kila upande. Sauti yangu inasikika ikiuliza, "Kamera bado inarekodi?" Mama akaacha cherehani, akaja kusimama nyuma yangu. Picha ilikuwa imelala, kwa hiyo tuliinamisha vichwa vyetu upande wa kulia ili tuione.

Kila mtu alikuwa amenikimbilia mimi. Juu ya ngazi alibaki mtu mmoja, mwalimu mkuu, mkono wake bado umekunjwa vilevile ulivyokuwa umemshika binti yake. Akatazama kulia na kushoto. Akajisogeza nyuma ya nguzo, akatoa leso, akaufunika uso, na mabega yakaanza kutikisika.

Nikarudisha kwa pedali ya kushoto. Nikatazama tena. Bibi harusi, aliyekuwa amepiga magoti kwangu, anageuka, anamwona. Anaacha watu wote, anapanda zile ngazi tatu ameshika gauni.

"Baba, unalia?"

"Ni vumbi hili," anasema mwalimu mkuu, na anaweka paji la uso wake kwenye bega la binti yake. Sekunde kumi na moja. Kisha anajinyoosha, anakunja leso mara mbili, anakuwa mwalimu mkuu tena.

Tulibaki vichwa vimeinama. Nilijua hapohapo kwamba filamu yote ilikuwa pale. Nilijua pia kwamba mzee yule alikuwa amejificha, na mtu aliyejificha hapendi kufichuliwa mbele ya wakwe zake. Akichukua kofia yake mara ya pili, kiti kimekwenda.

"Ungefanyaje?" nikamuuliza Mama.

"Mimi nashona nguo tu," akasema. Akarudi kwenye cherehani, akakaa, akageuka. "Lakini mwanamume yule alikuja kwangu mara tatu kuulizia kama gauni litamkaa vizuri mtoto wake. Mara tatu, na kila mara alidai alikuwa anapita tu."

Niliacha sekunde zote kumi na moja, bila muziki juu yake. Na picha sikuinyanyua. Niliiacha imelala kwa ubavu, kama kamera ilivyoiona.

Jumamosi saa nne walikuwa wamekaa kwenye viti vya studio: mwalimu mkuu na mkewe, bibi harusi na mumewe, shangazi mtu, na wazazi wa bwana harusi. Niliunganisha laptopu yangu nene na televisheni, nikaweka pedali chini ya meza, kisigino juu ya kitambaa cha Mama. Mkurugenzi alikuwa akipangusa jasho. Madoido alikaa pembeni, kwenye kiti changu. Mama alisimama mlangoni na mkoba wake, na gauni lilipotokea nikamwona anachungulia kile kipande chake ndani ya mkoba, kisha anakifunga.

Harusi ikaenda. Waliguna panapogunika, wakanong'onezana wakimtaja fulani na fulani. Bibi harusi akaja juu ya ngazi. Kamera ikarudi nyuma, ikarudi, na mbingu ikapita. Shangazi akasema, "Maskini, ndipo alipoanguka." Halafu picha ikalala.

Nilikuwa nimekaa ubavuni mwao, nikawaona. Shangazi aliinamisha kichwa kwanza. Mke wa mwalimu mkuu akafuata. Kisha bwana harusi na wazazi wake, kisha Mkurugenzi aliyesimama nyuma, mmoja baada ya mwingine, hadi chumba kizima kikawa kimeinama upande wa kulia. Mwalimu mkuu peke yake alibaki wima, ameishikilia kofia yake magotini kwa mikono miwili.

"Ni vumbi hili," televisheni ikasema.

Nikasimamisha. Sikupanga kusimamisha, dole lilijibonyezea lenyewe. Bibi harusi alikuwa amejifunika mdomo. Hakuna aliyethubutu kumtazama mzee.

"Nani amekata hii?" akauliza mwalimu mkuu.

Mkurugenzi alininyooshea kidole upesi, kama anayemtaja aliyevunja dirisha.

Mzee akanigeukia. Macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu vilivyolala mapajani. "Kwa mkono huo?"

"Hapana, mwalimu. Kwa mguu."

Akainama akachungulia chini ya meza, kwa makini, kama aliyekagua viatu vya wanafunzi maisha yake yote. Akaziona zile pedali tatu, na kitambaa kilichokunjwa, na dole langu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelowa na hakutafuta leso. Na meno yake niliyaona, yote ya mbele, na pengo moja upande wa kushoto.

"Hii ndiyo harusi yetu," akasema. "Rudisha hapo kidogo."

Kabla sijarudisha nikasikia magurudumu yakikwaruza sakafu. Madoido alikuwa amesimama, anakisukuma kiti changu taratibu kukileta mezani. Akakiweka nyuma yangu na kusema, "Dada, kaa vizuri."

Nikahamia kiti changu. Nikatandaza kitambaa cha Mama, nikaweka kisigino chini, nikabonyeza pedali ya kushoto mara moja tu. Vichwa vyote chumbani vikainama tena, na safari hii cha mwalimu mkuu kiliinama pamoja navyo.